Machi Kumi na Sita za Benigna

Jumatano, tarehe 18 Machi. Mvua imeanza kabla ya saa moja asubuhi, ikakatika saa nne, kisha ukungu ukakaa mlimani mpaka mchana. Mikono yangu ina malengelenge, kwa hiyo mwandiko wa leo ni mbaya kuliko wa siku zote. Nitaeleza yalikotoka, maana vijana wa kiwandani huniuliza mambo ya zamani, nami sina hakika kama huwa nawajibu vizuri.

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Mbinga nikiwa na cheti cha darasa la saba na viatu vya kuazima. Kukoboa ni kuitoa punje kwenye ganda la ndani, lile gumu linalobaki baada ya kahawa kuoshwa na kuanikwa. Nilidhani nitapelekwa kwenye mashine, kumbe nilipelekwa kwa Mhasibu, mtu wa Kagera, mpole, asiyependa kurudia neno. Alinijazisha fomu ya mfuko wa pensheni. Akaeleza kwamba katika kila shilingi mia ya mshahara nitakatwa kumi, na kampuni itaweka kumi nyingine za kwake juu yake. Huo ndio mchango wa mwajiri. Nikamshukuru kwa hizo za kampuni.

"Usinishukuru," akasema. "Huo nao ni mshahara wako, ila utaukuta mbele. Kazi yako ni kuhakikisha unaukuta."

Nilijibu ndiyo, kama nilivyojibu kila kitu siku ile.

Baadaye nilipangiwa Maguu, kwenye kituo cha kupokea kahawa. Huko nilijifunza kupima ukavu wa punje kwa meno: ikiwa mbichi inabonyea, ikiwa kavu inagoma. Nikarudishwa mjini kuwa Msimamizi wa Mitambo, na kwa kuwa nilikuwa na sauti, wenzangu wakanichagua niwasemee kwa wakubwa. Sijui kama sauti ilitosha.

Kwa haki niseme hivi: kampuni yetu haikuruka mwezi. Tulisikia sehemu nyingine watu wanakatwa na mfuko haupokei kitu. Kwetu, palipotoka mshahara, mchango ulitoka, wa kwetu na wa kwao. Kosa lilikaa kwingine.

Mwaka mmoja, mwezi wa Februari, Meneja aliniita. Alitaka mashine zisimame mwezi mzima kila mwaka zifanyiwe matengenezo, na wafanyakazi wote wachukue likizo yao ya malipo wakati huo. Alitoa nafasi mbili, Machi au Desemba, tuchague. Machi kwetu Wamatengo ni mwezi wa ngolo, yale mashimo ya mteremkoni yanayoshika maji yasibebe udongo. Mwanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba. Mwanamke huchimba katikati ya mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo. Juu yake hupandwa maharage, na mwisho wa mwaka mahindi.

Nikakusanya maoni. Wanaume tulikuwa wengi, tukataka Desemba, Krismasi. Wanawake walikuwa wachache, wakauliza nani atachimba. Nikarudi kwa Meneja na Desemba, pamoja na ombi kwamba wanawake wapewe ruhusa ya Machi bila malipo.

"Naweza kuwapa," Meneja akasema. "Lakini pasipo mshahara hapana mchango. Si wao, si mimi. Umewaeleza?"

Nikasema nimewaeleza. Sikuwa nimewaeleza. Niliona ni mwezi mmoja tu kwa mwaka, na tangu hapo wanawake wakawa wanatoka kila Machi.

Mimi nilistaafu miaka miwili iliyopita, miezi yangu imejaa na kuzidi. Benigna, mshonaji wa magunia, alibaki. Yeye aliajiriwa miezi miwili kabla ya kikao kile. Julai iliyopita alikuja nyumbani na taarifa yake ya michango, akanipa shikamoo ya utani, maana tumepishana miaka miwili tu. Anafikisha sitini, umri wa kustaafu, mwisho wa mwezi huu. Ili mtu alipwe pensheni ya kila mwezi mpaka kufa, anatakiwa awe na miezi mia na themanini ya michango. Ikipungua, anapewa mkupuo mmoja na habari imekwisha. Tulihesabu mara tatu, ya tatu kwa punje za maharage mezani, kwa sababu siamini hesabu zangu. Miaka kumi na sita na miezi minne ya kazi mpaka siku ya kustaafu, na kila Machi tupu. Machi kumi na sita. Atafika mia na themanini kamili iwapo tu Machi hii hatatoka kazini.

Nikamweleza kikao kile chote, pamoja na uongo wangu kwa Meneja. Alizirudisha punje bakulini moja moja.

"Kwa hiyo, kaka," akasema, "pilau zako zote za Krismasi nimezilipa mimi."

Mke wangu, Mama Oddo, hakunitetea. "Na miezi yako ilijaa kwa sababu Machi nilikuwa shimoni mimi," akasema.

Ikabaki shamba. Benigna ni mjane, binti zake wameolewa Liparamba, na bila ngolo hana maharage wala mahindi ya mwaka. Nikasema nitachimba mimi. Walicheka wote wawili. Mama Oddo akasema nitalisawazisha liwe uwanja wa mpira.

Leo ni siku ya saba. Kulaza nyasi najua. Kuchimba najifunza uzeeni, mke wangu akisimama juu ya mteremko kama Meneja. Saa kumi na moja jioni Benigna alifika akitoka kazini, vumbi la maganda bado liko kwenye kitambaa cha kichwa. Akatazama mistari yangu.

"Haya mashimo yamelewa," akasema. Akavua viatu, akarekebisha mawili, akaacha mengine. "Bado siku kumi na tatu."

Vijana, sina hekima kubwa. Ombeni taarifa ya michango kila mwaka. Msitazame tu kama mwajiri ameweka. Tazameni na miezi iliyo tupu, mwulizane nani anaibeba. Na mkimsemea mwenzenu, mwelezeni kwanza.

Jioni tumekula ugali na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, kutoka Ngumbo, aliokuja nao Benigna. Maharage hatukupika. Yaliyobaki ni mbegu ya mashimo ya kesho.