Mama Chebet Anashifti

Nikisikia king'ora cha kiwanda cha chai, hata leo, pua yangu hujaa harufu ya majani mabichi yakinyaushwa, na hasira ya utotoni hunipanda upya. Kiwanda hakijanikosea. Ninalolikasirikia ni neno moja la Kizungu: shifti.

Kwenye kambi yetu ya wafanyakazi, karibu na Kericho, neno hilo lilitumwa kazi zote. Baba, aliyetoka upande wa ziwa kuja kuwasha boila kiwandani, alikuwa shifti ya usiku, basi mchana kutwa tulinyamazishwa. Kabati likisogezwa, limeshifti. Tukibanana kwenye dawati, mwalimu anasema, "Shifti kidogo." Sasa mtoto angejuaje ni shifti gani?

Chebet alikuwa rafiki yangu na jirani wa ukuta mmoja. Asubuhi tuliamshana kwa kugonga ukuta na vijiko. Mama yake alichuma chai mpaka shamba lilipoleta mashine za kuchuma. Ijumaa moja, Mama akisonga ugali, akasema bila kunitazama:

"Mama Chebet anashifti kesho."

"Shifti ya asubuhi ama ya usiku?"

"Akinyi, leta sahani."

Nikaleta, huku nikijijibu mwenyewe: amepata kazi kiwandani! Nilifurahi, jamani. Kesho yake nilienda mazoezi ya kwaya, nikaimba mpaka koo likawasha. Kurudi, mlango wao u wazi, ndani masizi matupu ukutani na ndoo iliyopasuka. Pikapu ilikuwa imewapeleka Chebunyo kwa nyanya yao. Jirani aliniambia Chebet alikataa kupanda, akiangalia njiani kama ninarudi, mpaka dereva akachoka kupiga honi.

"Si ungeniambia wanahama!" nilimlilia Mama.

"Si nilikuambia? Nilisema wanashifti."

Kwa miaka mingi nililaumu Kizungu. Nilipopata watoto wangu ndipo nikaelewa kwamba Mama hakukosa neno. Naye alichuma chai katika shamba lilelile, na mashine zile alikuwa ameziona. "Kuhama" alilijua, "kufutwa kazi" alilijua zaidi. Alichagua neno ambalo lingeniacha nilale usiku ule, pengine naye pia.

Namwelewa. Lakini ningeagana na Chebet.