Maji Niliyomwaga Mbele ya Kamera

Nilipokuwa darasa la saba hapa Migori, ndoto yangu ilikuwa kuigiza filamu. Usicheke. Jumamosi, nikishamsaidia mama kupanga mitumba sokoni, nilikuwa nakimbilia kibanda cha video kuangalia watu wakipigana mateke, halafu nafika nyumbani na kufanya mazoezi ya kulia mbele ya kioo. Nililia vizuri. Lakini filamu zote zilikuwa za watu wa mbali. Sikuwahi kuona humo mtu aliyevaa kama mama yangu, wala nyumba kama yetu, nikadhani sisi hatuna cha kupigwa picha.

Filamu pekee niliyowahi kuigiza ni ya mazishi ya baba mdogo.

Alikuwa mdogo wa baba, akifanya kazi ya kupima samaki kule Sori, ziwani. Alikonda mwaka mzima. Wazee walisema ni chira, kwamba kuna mwiko aliouvunja. Wengine walisema ni kifua. UKIMWI hakuna aliyeutaja, ila sote tulikuwa tumeufikiria, maana kikombe chake na cha mkewe vilikuwa vimeanza kuwekwa kando. Tulimzika nyumbani karibu na Asumbi, na kwa kuwa siku hizo mazishi bila video yalionekana ya kimaskini, familia ilichanga, akaja kijana mwenye kamera kubwa begani.

Kamera ilipokaribia jeneza nikaona nafasi yangu ndiyo hii. Nililia mpaka koo likauma. Mpiga video akaninyooshea kidole gumba, nami nikaongeza. Nikiwa bado nahema, mama mdogo, yaani huyo mjane mwenyewe, akainuka kitini akanipa kikombe cha maji aliyokuwa akinywa.

"Kunywa, nyathina," akasema, mwanangu kwa Kijaluo. "Koo litakauka."

Huyu ndiye aliyekuwa akinisuka nywele kila likizo, na kitanda tulikuwa tukilala kimoja. Nikapokea kwa mikono miwili, na adabu zote. Nikamgeuzia mgongo, kama mtu anayeona haya kunywa mbele ya wakubwa, nikayamwaga maji kwenye nyasi. Kisha nikajifuta midomo kwa kiganja, nikamrudishia kikombe. "Asante, mama." Akatabasamu. Sijawahi kuigiza vizuri kama pale kwenye kufuta midomo.

Sikujua kwamba kamera ilikuwa imehamia upande wa migomba, inanitazama uso kwa uso.

Baada ya miezi miwili kanda ililetwa kwetu Migori. Jumapili mchana watu walijaa sebuleni, mama mdogo akiwemo. Mwanzoni kilikuwa kicheko tu.

"Tazama mabega ya hiyo gauni, utadhani ameweka mito."

"Na huyu shemeji, kila kamera ikipita yuko na sahani."

"Nilikuwa namshikia mtu."

Halafu nikajiona. Maji yakamwagika. Midomo ikafutwa. Sebule ikanyamaza, isipokuwa shangazi mmoja ambaye hakuwa ameelewa kitu. "Rudisha hapo," akasema, "nilikuwa namtafuta mume wangu kule nyuma." Kanda ikarudishwa, na maji yakaruka kutoka kwenye nyasi yakaingia kikombeni. Kisha yakamwagika tena.

Mama mdogo hakunitazama. "Nani huyo mwenye kofia ya manyoya kwenye jua kali vile?" akauliza, na watu wakashukuru kupata cha kucheka. Afadhali angenizaba kofi.

Nimeiangalia ile kanda mara nyingi tangu siku hiyo. Kuna viti viwili vitupu kila upande wa mjane, mchana kutwa. Wanawake wanamsalimia wakiwa wamekunja mikono kwapani. Mhubiri anataja malaria, kifua, ajali na uchawi, ule ugonjwa mwingine anauruka. Sijui kama kuna kitabu kitakachoandika tulivyokaa miaka hii, lakini imo mle yote, pamoja na mabega ya gauni. Na mimi nimo.

Mama mdogo alifariki kabla ya mwaka kuisha. Sikuwa nimemwomba msamaha. Nilikuwa najiambia nitaenda wikendi, wikendi ikifika najiambia nyingine.

Binti yake wa miaka tisa alibaki na nyanya yake kule Asumbi, ikaamuliwa apewe kanda, na mimi ndiye niliyetumwa kuipeleka. Nikapitia kwanza kwa mpiga video, nikamwomba anikatie kile kipande mtoto asije akakiona.

Akakitazama mara mbili. "Naweza," akasema. "Lakini ona, dada. Kanda nzima huyu mama ameinamisha kichwa. Uso wake unaonekana hapa tu, nyuma ya bega lako, tangu akupe maji hadi apokee kikombe. Nikikukata wewe, nimemkata na yeye."

"Huwezi kunifuta mimi peke yangu?"

"Hiki si ubao, dada."

Nikaondoka na kanda kama ilivyo.

Asumbi tuliiangalia kwa jirani mwenye televisheni. Mtoto alikaa chini, karibu kabisa na kioo, mimi kwenye stuli kando yake. Nilikuwa nimeuandaa uongo wangu njia nzima: nitasema kulikuwa na nzi ndani ya kikombe. Tulipofika pale akauliza bila kugeuka, "Dada, mbona umemwaga?"

Nzi sikumtaja.

"Niliogopa kikombe cha mama yako," nikasema. "Watu walikuwa wanasema ni mgonjwa, nikaogopa."

"Na yeye alijua?"

"Alijua baadaye."

Nilisubiri alie, au aniambie niende zangu. Akanisukuma goti.

"Songa, sioni vizuri. Hapo anacheka."

Nikasogea hadi ukutani. Akairudisha kanda, akamwona mama yake akitabasamu, akairudisha tena, na kila mara ilibidi mimi niyamwage yale maji kwanza.