Fyekeo la Baba na Aina Ishirini na Tatu

Majani mabichi yakikatwa popote, hata yawe ya jirani nisiyemjua, harufu yake hunirudisha nyuma ya nyumba yetu ya Bowie, kule Marekani, nikiwa na miaka kumi, nimemnunia baba yangu.

Uwanja wetu uliishia kwenye mteremko wa kwenda kijitoni, ambako mashine ya kukatia majani haikufika. Huko majani yalinifika kifuani. Mwalimu wetu wa sayansi alitutuma tutupe pete ya plastiki, ile ya kuzungusha kiunoni, mahali pasipokatwa, tuhesabu aina za mimea iliyoangukia ndani, na baada ya mwezi turudie palepale. Nilipata aina kumi na moja, nikachomeka kijiti kuwa alama. Kila nikitoka shule nilikwenda kupiga magoti pale, kama daktari anayepitia wodi.

Baba alinitazama kupitia dirisha la jikoni, na ninyi mliolelewa Tanzania mnajua alichokiona: nyoka. Kwao Njombe, majani marefu karibu na nyumba ni aibu ya mwenye nyumba. Alikuwa na fyekeo alilolileta Marekani ndani ya sanduku, limeviringishwa kitenge, na Mama hakuacha kumtania kwamba wenzake walileta picha za harusi. Jumamosi moja nilipokuwa kwa rafiki yangu, akalitoa. Alifyeka mteremko mzima, akakusanya majani yote kwa reki na kuyatupa. Niliporudi nilimkuta amesimama pale, jasho linamtiririka, anatabasamu.

"Mwanangu, nimekusafishia. Sasa cheza bila wasiwasi."

"You killed it!" nililia. "Umeiua mimea yangu yote, Baba!"

Tabasamu likamtoka. Aliinama akapangusa fyekeo. "Maji yakimwagika hayazoleki," Mama alisema, akinivuta ndani. Baba alilitundika gereji, hakulishika tena.

Juni iliyofuata nilishuka na pete ile, nia yangu moja tu: kupata ushahidi wa uharibifu. Niliitupa palepale kwenye kijiti, ambacho Baba alikuwa amekiacha kimesimama. Nikahesabu, nikadhani nimekosea, nikahesabu upya nikigusa kila mmea kwa kidole. Aina ishirini na tatu! Klova za majani matatu-matatu, stroberi za mwitu, mmea wenye utomvu mweupe, maua ya zambarau madogo kuliko kichwa cha kiberiti. Nilikaa chini, nikaogopa hata kusogeza mguu nisije nikakanyaga kitu nisichokijua.

Na sikumwambia Baba. Kumwambia kungekuwa kumsamehe, nami nilikuwa bado naufurahia ununaji wangu.

Ukubwani ndipo nilipoelewa. Majani marefu yaliinyima jua mimea midogo; ilikuwa ikisubiri udongoni, na fyekeo ndilo lililoifungulia njia. Lakini Baba, kwa kuniheshimu, hakufyeka tena, na mwaka hadi mwaka mteremko ukarudi kuwa majani matupu.

Septemba hii nilikwenda Bowie, nikalitoa fyekeo gereji, nikampelekea Baba na kumwomba aufyeke tena mteremko.

"Si uliniambia nimeiua?" aliuliza.

"Zilikuwa aina ishirini na tatu, Baba. Mwaka uliofuata. Nilihesabu mara mbili."

Alijaribu makali kwa kidole gumba. "Na mimi miaka yote hii," alisema, "napita mbali na pale."

Akaanza kushuka, polepole, kwa magoti yake ya uzeeni. Nilichukua reki nikamfuata.