Nati za Ng'ambo

Asubuhi hiyo nilikuwa ninakaanga mandazi kando ya mto, kwetu Mwenga, Kongo, binti yetu Neema kando yangu, na Profesa Helmut yuko chini ya daraja lake. Alikuwa Mjerumani, injinia, akifundisha Bukavu. Daraja letu la kamba za chuma alilijenga yeye na wanafunzi wake. Kila akija kulikagua, alimtuma mume wangu Bahati apite juu na gunia la mihogo, mwenyewe akisimama chini.

"Profesa, likikatika je?" Bahati akauliza.

"Utaniangukia mimi, bwana. Na mihogo nitaila."

Tulikuwa bado tunacheka masasi ya bunduki yalipolia ng'ambo, kwenye nyumba zetu.

Watu walivuka mbio. Nawakumbuka: Mapendo na mapacha wake, mzee Kalinda, Vumilia mwenye mimba, yule fundi cherehani Safari. Bahati alikwenda kinyume chao. Alirudi na mama yake, Nsimire, mgongoni, akamweka karibu na jiko langu.

Wenye bunduki walikuwa wanashuka mlima. Wakivuka, tumekwisha.

Profesa alisema daraja liangushwe. Upande huu tuliokuwa, kamba zilizikwa ndani ya zege. Nati za kuzifungua zilikuwa ng'ambo, kwenye mwamba, na zilitaka watu wawili: mmoja ashike, mwingine azungushe.

Alichukua spana mbili, akavuka. Hakumwita mtu.

Bahati akanitazama.

"Baba Neema, usiende."

"Peke yake hataweza."

Akaenda.

Tuliwaona wameinama pamoja. Kamba ya kwanza ikaachia.

Masasi yakaanza kupiga maji.

Ya pili ikaachia. Daraja likalala mtoni.

Kwenye mwamba, wenye bunduki walikuwa wamewazunguka. Safari akanivuta mkono, tukakimbia.

Mama Nsimire alifia njiani, tukamzika. Vumilia alijifungua salama katika kambi ya wakimbizi. Hao ninajua walikoishia. Bahati na Profesa hakuna aliyewaona wamekufa, hakuna aliyewaona wazima. Matanga yao hatujakaa. Neema alifika hapa Johannesburg mdogo, leo ana watoto wake, wanaongea Kizulu, na babu yao hana kaburi.

Kila mwaka mchungaji wetu wa hapa Joubert Park, anayeniita Koko, yaani bibi, huniuliza, "Koko, tuwaombee kama wafu au kama wazima?"

Namwambia, "Taja majina tu, pasta."