Kitabu cha Kihindi Nilichojifanya Kukisoma

Ijumaa moja ya Julai, saa saba na nusu mchana, wanawake watano walitoka mbio kwenye saluni ya Mama Jeannine hapa Yeoville, Johannesburg, wakiwa wamesukwa nusu kichwa.

Mmoja kitana kilikuwa bado kimechomekwa kwenye nywele. Mwingine alikuwa pekupeku na baridi ile.

"Bomu! Kuna bomu kwenye mkoba!"

Barabara nzima ikasimama. Mimi nilikuwa mlangoni mwa duka langu, futi ya kupimia shingoni, na pale nje ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hakuna bomu.

Nilijua kwa sababu lile bomu nililitunga mimi.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo. Mkinicheka mtakuwa na haki.

Naitwa Placide, fundi cherehani, mtu wa Bukavu. Joburg huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu. Jumapili ni mkalimani kanisani: mchungaji wetu wa Kinshasa anahubiri kwa Kifaransa, mimi naitoa kwa Kiswahili. Na nina ugonjwa wa wakalimani wengi, naongeza chumvi. Mchungaji akisema "Mungu ni mwema", mimi natoa sentensi nne na kisa cha simba juu yake. Waumini wanapenda, mchungaji haelewi, mambo yanakwenda.

Binti yangu Benita ana miaka tisa. Akiniona pale mbele na maikrofoni, anaamini baba yake anajua lugha zote za dunia. Sikuwahi kumsahihisha. Ilikuwa tamu mno.

Sasa, shule zilipofungwa nilileta furushi la vitambaa kutoka Fordsburg, kwenye maduka ya Wahindi. Katikati ya vitambaa nikakuta kitabu cha katuni cha India. Shujaa wa misuli na joho la buluu anaruka juu ya majengo. Magaidi wenye barakoa na bunduki wanamwandama. Kila ukurasa moto. Na maandishi yote ni ya Kihindi, zile herufi zinazoning'inia kama nguo kwenye kamba.

"Papa, unajua kusoma hii?"

Ningesema hapana, leo nisingekuwa naandika haya.

"Kihindi? Pale Bukavu nilifanya kazi kwa Mhindi miaka miwili."

Hiyo ni kweli. Nilikuwa nabeba marobota, na neno pekee nililojifunza ni tusi.

Basi kila mchana Benita na wenzake wawili watatu wanakaa juu ya vitambaa, nami nasoma. Yaani natunga. Shujaa nikamwita Radi. Magaidi nikawapangia mipango. Watoto midomo wazi, na mimi kichwa kinavimba.

Tukafika ukurasa wa kumi na mbili. Pale alichorwa mzee wa ndevu nyeupe, kanzu na kofia, mkoba wa ngozi mkononi, akipita karibu na shule.

"Na huyu ni nani, Papa?"

Hadithi bila adui mkubwa haina ladha. "Huyo ndiye bosi wao. Anajifanya mpole. Bomu liko kwenye mkoba."

Benita akageuka kuutazama ukuta wa upande wa jirani.

Jirani wa upande ule ni mzee Suhaib, mtu wa Tanga, fundi wa kutengeneza cherehani. Ndevu zake nyeupe. Ijumaa anavaa kanzu. Mkoba wa ngozi wa vifaa haumtoki mkononi. Ukuta wetu ni mbao nyembamba, akipiga chafya huku tunamwombea afya. Na hakuna mtoto wa mtaa huu ambaye hajala tende zake.

Niliona macho ya mwanangu yanakwenda wapi. Niliona kabisa. Nikafungua ukurasa unaofuata.

Kuanzia hapo Benita akawa anakataa tende. "Sharp, asante Babu, nimeshiba," anasema huku anarudi nyuma. Suhaib akanitupia jicho kidogo tu, akazirudisha mfukoni.

Ijumaa ikafika. Suhaib akienda msikitini huuacha mkoba wake saluni, chini ya kioo, na Mama Jeannine humtunzia. Ni desturi yao ya miaka. Siku hiyo Benita alikuwa pale anasukwa. Akauona mkoba, akapiga ukelele, na yaliyofuata mmeshayasikia.

Mzee alirudi kutoka kuswali akakuta umati, mkoba wake umetupwa nje, uko peke yake katikati ya lami, na Hénock, mlinzi wa jengo letu, ameshika rungu.

"Mzee, piga magoti. Fungua hiyo mkoba, pole pole."

"Hénock, mwanangu, wanijua mimi."

Hénock akasita. Akatugeukia. "Nani alisema iko bomu?"

"Njo Benita," Mama Jeannine akajibu; kwetu Kongo "njo" ni "ndiyo". "Iko mu kitabu. Baba yake alimusomea."

Macho yote yakaja kwangu.

"Papa Benita, ni kweli? Kitabu inasema vile?"

Benita alikuwa amening'ang'ania suruali, ananitazama kutoka chini. Yalihitajika maneno mawili tu: sijui Kihindi.

"Njo vile imeandikwa," nikasema.

Mzee Suhaib akapiga magoti kwenye lami na kanzu yake nyeupe.

Akatoa bisibisi. Akatoa bobini, mikanda ya cherehani, kikopo cha mafuta, pakiti ya tende. Kila kitu akakiinua juu kwanza, watu wakione. Simu zilikuwa zinamrekodi. Mwisho kabisa akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, na juu yake ameandika kwa kalamu: PAPA BENITA.

Kilikuwa kifaa cha mashine yangu ya overloki, ile ya kushonea kingo za nguo, iliyokufa tangu Jumatatu. Alikizungukia mji mzima.

Akakiweka pembeni, peke yake, kisichanganyike.

"Eish, pole, mzee," Hénock akasema. Watu wakatawanyika. Hakuna aliyeinama kumsaidia kuokota, hata mimi. Niliingia dukani nikakanyaga cherehani bila kitambaa, ili nisisikie vyuma vinavyorudishwa mkobani.

Jioni mzee alikuja na kile kifaa. Kitabu kilikuwa mezani. Akakifungua ukurasa wa kumi na mbili, akasoma kwa sauti. Kwa Kihindi. Bila kukwama.

Nikasogea mezani.

"Wewe unajua Kihindi?"

"Nilisomea ufundi India miaka minne. Hujawahi kuniuliza." Akaweka kidole juu ya yule mzee wa ndevu. "Huyu ni fundi cherehani, Bwana Placide, kama wewe. Ndiye aliyemshonea shujaa joho lake. Mkobani mna joho na sindano. Pasipo yeye, yule kijana haruki."

"Ulijua lini kwamba natunga?"

"Siku ya kwanza. Ukuta ni mbao."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya mwanao? Nilikusitiri." Akainama kwenye mashine, akafunga kifaa, akajaribu kwenye kipande cha kitambaa mpaka mshono ukanyooka. "Nikadhani nawe utanisitiri."

Nilimwomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikuthubutu kuuliza.

Kesho yake nilimweleza Benita ukweli wote. Hakulia. Alifikiri, kisha akauliza, "Na kanisani, Papa? Unasemaga vile pasta anasema?"

Akachukua kitabu, akaenda nacho kwa jirani. Nikasikia kupitia mbao anaomba msamaha kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kisha Suhaib anaanza kumsomea tangu ukurasa wa kwanza. Mtoto alikuwa anacheka mahali ambapo mimi sikuwahi kumchekesha.

Jumapili mchungaji akasema Mungu ni mwema. Nikasema, Mungu ni mwema. Nikaishia hapo. Benita alikuwa kiti cha mbele, ananikodolea macho.

Naandika haya kwa jina langu kwa sababu mzee Suhaib nilimwaibisha barabarani na kumwomba radhi ndani ya duka, na hiyo si haki. Ile video bado inazunguka kwenye magrupu. Ukikutana nayo, jua kwamba mwenye aibu ni yule aliyesimama mlangoni na futi shingoni.

Jamani, "sijui" ni neno dogo. Ukiogopa kulisema, kuna mwenzako atalipigia magoti.