Saa Moja na Robo Kabla ya Magharibi

Miaka ile Ramadhani iliangukia Juni, na Juni ya Burnsville, kaskazini mwa Marekani, jua halizami mpaka saa tatu usiku. Mama ana kisukari, na daktari alimkataza kufunga siku ya saa kumi na saba. Ramadhani tatu mfululizo alilipa fidia, akalisha maskini badala ya kufunga, huku akitupikia sisi futari kwa uso uliokunjamana. Alijiona amegeuzwa mpishi wa ibada ya wenzake.

Kwa hiyo nilipotumwa Kuala Lumpur, Malaysia, kikazi, nilimkatia na yeye tiketi. Kule siku ya kufunga haifiki saa kumi na nne. Daktari alikubali kwa shingo upande: ajaribu siku moja, nimpime sukari kila mara, na ikishuka chini ya sabini afungue papo hapo. Nilimwahidi Mama kwamba siku hiyo ataimaliza. Mimi nikisema jambo nimesema.

Alasiri tukaingia soko la futari. Sikuuliza njia, nilifuata pua. Samaki walichomwa ndani ya majani ya mgomba, chapati zilijazwa nyama na mayai, mishikaki ikapangwa kando ya mchuzi wa karanga. Nilinunua kila kilichonivutia, mifuko ikanielemea mikono. Mama aliinamia sufuria ya wali wa nazi, akaunusa, akatoa hukumu kwamba tui lao jepesi.

Saa kumi na mbili na robo jasho likamtoka, vidole vikaanza kutetemeka. Nikampima: sitini na mbili. Akadai mashine imechoka na safari. Nikarudia: sitini. Nikamwambia afungue. Akautazama umati uliobeba futari zake ukingoja adhana, akakataa. Hakuogopa kuugua, aliona haya kuonekana anakunywa mchana wa Ramadhani. Mimi si mwoga, lakini pale niliogopa.

Muuza maji ya miwa, mwanamke wa makamo, alikiona kimashine mkononi mwangu akaelewa. Alivuta kiti nyuma ya meza yake, akakielekeza ukutani, akamkalisha Mama. Kisha akavua aproni yake akaitandaza hewani kwa mikono miwili, mpita njia asione kitu. Nikaenda kuziba upande wa pili. Mama akanywa glasi nzima huku machozi yanamtoka.

Rangi ilipomrudia, nilimwomba radhi kwa ahadi yangu. Yeye aliuliza zimebaki saa ngapi kufika magharibi.

"Moja na robo," nikamwambia.

"Na ingekuwa Burnsville?"

Nikapiga hesabu ya saa alizokwisha funga, nikazitoa katika kumi na saba. Zingebaki karibu tano.

Mama akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Basi siku nimekurubia kuimaliza, mwanangu," alisema. "Kule hata kuianza nilikuwa siianzi."