R ya Ruvu

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa noti hata moja. Mkuu wa Hawala za Nje wa tawi la Korogwe alinionyesha kiti karibu na dirisha, akanipa karatasi moja iliyopigwa chapa, akasema, "Binti, kaa hapo ukariri hii. Ukishaikariri nitakupa kalamu." Nilikuwa nimeshonesha gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo, na mama alikuwa amenisindikiza kwa dua tangu Kerenge, halafu nikaishia kukariri majina ya miji kama mtoto wa darasa la pili. Niliudhika, na kwa kuwa uso wangu haujui kuficha kitu, Mkuu aliona. Akaniongezea nusu saa.

Karatasi ile ilikuwa ya kutajia herufi kwenye simu. Simu za wakati ule zilikuwa zinakwaruza, na herufi nyingi zikisemwa peke yake zinafanana, kwa hiyo kila herufi ilipewa jina la mahali panapojulikana: A ya Amani, B ya Bumbuli, H ya Handeni, K ya Korogwe, L ya Lushoto, M ya Mombo, S ya Segera. E ilikuwa ya embe, maana Mkuu alitafuta mji wa jirani unaoanza na E akakosa. R nayo ilimsumbua, mpaka akakumbuka jina la pili la mto unaopita hapo hapo Korogwe. Akaandika R ya Ruvu. Mkuu hakuwa mtu wa kwetu, alitokea mikoa ya kusini, na Ruvu aliliona kwenye ramani. Sisi tuliozaliwa huku tuliuita Luvu tangu utotoni na hatukuona tofauti.

Niwaeleze ninyi vijana jinsi hawala ya nje ilivyokuwa ikienda, kwa sababu leo mnaguswa bega na simu kwamba pesa imefika kabla hata chai haijapoa. Mteja alikuja na kibali cha fedha za kigeni, ambacho kukipata kulikuwa safari yenyewe. Karani alijaza fomu: jina la mtumaji, jina la mpokeaji, benki yake, namba ya akaunti, sababu ya malipo. Fomu ilitiwa sahihi mbili. Kisha ujumbe ulipigwa kwenye teleksi, mashine iliyofanana na taipureta ila maneno yake yalitokea upande wa pili wa dunia. Juu ya ujumbe tuliweka testi, yaani namba ya siri iliyokokotolewa kutokana na kiasi, tarehe na aina ya fedha. Vitabu vya kukokotolea vilikuwa viwili, na vilishikwa na watu wawili ili mmoja asiweze kutuma peke yake. Ujumbe ukifika bila testi sahihi, benki ya huko iliutupa.

Na jina la mpokeaji lilipaswa kulingana na la kwenye akaunti, herufi kwa herufi. Mkuu alikuwa akisema, "Benki ya huko haimjui mtu. Inayajua maandishi." Nilimwona ni mzee mwenye makuu tu. Kwenye tawi zima hapakuwa na mtu aliyefuta meza yake mara nyingi kama yeye, na kalamu zake zilipangwa zote zikitazama upande mmoja.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Handeni. Tawi lilikuwa dogo, bati jipya, vumbi la zamani. Siku za mnada wafugaji walijaa foleni na fimbo zao, na mlinzi alikuwa na kazi ya kuzipokea mlangoni na kukumbuka ipi ya nani. Teleksi hatukuwa nayo. Hawala ya nje tuliijaza kwenye fomu, Meneja akasaini, kisha nikaisoma kwa simu Korogwe, na wao ndio waliopiga teleksi. Fomu yenyewe ilifuata kwa basi kesho yake. Ili kuokoa muda wa simu tulikuwa na njia yetu ya mkato: mimi nilitaja majina ya mahali tu, bila herufi, na wa Korogwe akanirudishia majina hayo hayo. Njia hiyo Mkuu hakuijua. Tuliibuni wenyewe tukajiona wajanja.

Mteja wetu wa hawala za nje alikuwa karibu mmoja tu, Mzee Jayanti, mwenye duka la vitambaa karibu na stendi. Babu yake ndiye aliyefungua duka lile. Kizigua alikiongea kuliko mimi, na kwa kuwa alijua mimi ni Msambaa, kila akiingia benki alinisalimia kwa Kishambaa, "Onga mshi, Zaina," salamu ya mchana, hata kama ilikuwa asubuhi bado, makusudi, apate kunisikia nikimsahihisha.

Siku moja aliingia bila mzaha. Mkewe, Mama Hansa, alikuwa amepelekwa India kwa ajili ya moyo. Madaktari walikuwa wamepanga kumpasua Jumatatu, na hospitali ilitaka malipo kabla. Pesa ilikuwa ipitie kwenye akaunti ya kaka yake Mama Hansa, shemeji yake Mzee Jayanti, aliyekuwa huko akimuuguza. Jina lake Ramesh. Nilijaza fomu kwa mwandiko wangu mzuri, nikampa aisome, akaisoma, akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa Jumatatu, wiki nzima kabla.

Nikapiga simu Korogwe. Karani wa teleksi niliyemzoea alikuwa likizo, akapokea kijana wa Kizigua aliyekuwa na siku chache kwenye mashine, Mhina. Nikamsomea: "Luvu, Amani, Mombo, embe, Segera, Handeni." Akanirudishia: "Luvu, Amani, Mombo, embe, Segera, Handeni." Tukaelewana vizuri kabisa. Nikaweka simu, nikaenda kunywa chai.

Alhamisi jioni ujumbe ulirudi kwamba malipo yamezuiwa, jina halilingani na akaunti. Ijumaa asubuhi Mzee Jayanti alikuwa mlangoni kabla mlinzi hajafungua. Shemeji yake alikuwa amempigia simu ya mbali.

"Zaina, wanasema kwenye benki yao hakuna mtu huyo."

"Fomu iko sawa, mzee. Mwenyewe uliisoma."

"Niliisoma. Sasa huko kwenye simu mlisemaje?"

Nilikasirika kidogo, nikaona ananifundisha kazi. Nikamwambia tulisoma herufi moja moja na tukarudiana. Akachukua penseli aliyokuwa ameichomeka sikioni, akavuta karatasi ya kufungia vitambaa kutoka mfukoni, akasema, "Hebu nisomee mimi kama ulivyomsomea." Nikamsomea, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Luvu, Amani, Mombo, embe, Segera, Handeni. Alipomaliza akaigeuza karatasi upande wangu. Alikuwa ameandika LAMESH.

Mpaka leo naikumbuka ile L, alivyoikandamiza. Mzee Jayanti hakupandisha sauti. Alisema, "Jumatatu, Zaina," akaenda kukaa kwenye benchi.

Nilimpelekea Meneja wa Handeni habari ile. Alikuwa mtu mwema, na aliipenda amani kupita kiasi. Akaifungua nakala ya fomu, akaweka kidole kwenye R yangu. "Umeandika R. Fomu yako ni safi. Atakayejibu ni karani wa Korogwe, yeye ndiye aliyepiga L."

"Na pesa, Meneja?"

"Korogwe wataulizwa, watajibu kwa maandishi, makao makuu watachunguza. Jina likibadilika baada ya kutumwa wanashuku wizi. Wiki moja, labda na zaidi."

"Na kukiwa na mtu aliyekiri kosa?"

Alinitazama. "Mtu akikiri kwa sahihi yake, hakuna cha kuchunguza. Teleksi ya marekebisho inaondoka siku hiyo hiyo. Lakini Bi Zaina, kukiri kunaingia kwenye faili, na faili halisahau. Mwaka huu jina lako limo kwenye orodha ya kupandishwa cheo."

Nitasema ukweli, nilisita. Si kwa muda mrefu, lakini nilisita. Nilikuwa na watoto wawili shuleni, na cheo kile nilikuwa nimekisubiri. Karatasi zote zilikuwa upande wangu. Kupitia kwenye upenyo wa mlango nilimwona Mzee Jayanti kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, na wafugaji wawili aliokuwa akiwauzia mashuka wamekaa naye kushoto na kulia. Nikamwomba Meneja ruhusa, nikaenda stendi.

Basi la Korogwe siku ile lilisimama kila penye mtu. Nilifika mchana, nguo nyekundu kwa vumbi. Mkuu wa Hawala za Nje alikuwa mezani, na Mhina amesimama mbele yake, jasho linamtoka, anaapa kwamba alipiga alichoambiwa.

"Amepiga alichoambiwa, Mkuu," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Kosa liko wapi basi?"

"Mdomoni mwangu. Nilisema Luvu."

Mkuu akauliza iweje Mhina asijue kwamba L ni ya Lushoto, ikabidi nimweleze ile njia yetu ya mkato, yote: herufi hatukuzitaja, na mgeni aliandika herufi ya kwanza ya jina alilolisikia. Niliona uso wake ukibadilika. Kisha akasema, "Sema Ruvu." Nikasema. "Tena." Nikasema tena. Mhina, aliyekuwa taabani, akashindwa kujizuia akacheka, kwa sababu mara zote mbili nilikuwa nimesema Luvu, na mimi mwenyewe sikujisikia.

"Nilidhani nimewapa herufi inayotoka kwenu wenyewe," Mkuu akasema polepole. "Kumbe nimewapa shimo." Akavuta karatasi. "Andika ulichosema kwenye simu, neno kwa neno. Utie sahihi. Halafu nami nitakuandikia barua ya onyo, kwa sababu ya ule mkato wenu, si kwa sababu ya ulimi. Ulimi Mungu amekupa."

Nilisaini. Yeye na Meneja wa Korogwe wakatoa vitabu vyao vya testi, wakakokotoa kila mmoja chake, na Mhina akapiga marekebisho huku Mkuu amesimama nyuma yake akiitazama kila herufi inavyotoka. R ilipotoka alisema, "Hiyo." Nilirudi Handeni na barua ya onyo kwenye mkoba.

Mzee Jayanti nilimwambia yote, dukani kwake, mbele ya wateja. Alisikiliza, akaendelea kupima kitambaa. Jumamosi hakunisalimia. Jumapili nilipita mbele ya duka, likiwa limefungwa. Jumatatu pesa ilikuwa haijaingia bado, na upasuaji ukaahirishwa. Siku zile nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tena, hata mume wangu alipougua. Pesa iliingia Jumanne, wakampasua Jumatano. Alhamisi mlango wa benki ulifunguka nikasikia, "Onga mshi, Zaina," nayo ilikuwa saa mbili asubuhi. Nililia pale pale kwenye kaunta, na foleni yote ikaniona.

Mama Hansa alirudi, akaishi miaka mingi, na kila sikukuu yao aliniletea sahani ya vitamu iliyofunikwa kitambaa. Cheo sikupata mwaka ule, wala uliofuata. Mhina alikipata kabla yangu, akawa mkubwa wangu, na hakuwahi kunifanyia ukubwa. Baadaye zikaja kompyuta, teleksi ikafunikwa turubai, vitabu vya testi vikachomwa moto mbele ya mashahidi. Nilifanya kazi ya hawala mpaka nilipostaafu, Korogwe tena, kwenye chumba kile kile. Mkuu wangu alikuwa amekwisha kufariki. Hakuwahi kuniomba radhi kwa ile R wala mimi sikumwomba kwa ule mkato, lakini wiki ile ile alipiga chapa karatasi mpya ya herufi, akatuma nakala kwenye matawi yote mawili.

Mwaka jana nilikwenda tawi la Korogwe kumtumia mjukuu wangu Rehema ada, anasomea uuguzi India. Kijana wa kaunta, mwenye adabu, akaniita bibi na kuniletea kiti. Mtandao ulisumbua, ikabidi athibitishe jina makao makuu kwa simu. Nikamsikia akisoma:

"R ya Ramesh, E ya embe, H ya Handeni..."

Nikamngoja amalize. "Mwanangu, huyo Ramesh ni nani?"

"Sijui, bibi. Tumekuta watu wanasema hivyo. Nadhani alikuwa meneja wa zamani."

"Hakuwa meneja," nikamwambia. "Dada yake alikuwa anangoja kupasuliwa moyo, na mimi niliipoteza herufi yake ya kwanza."

Alicheka, akidhani bibi anamtania. Kisha akanigeuzia fomu, akaniomba nilisome jina la mjukuu kwa sauti kabla ya kusaini, herufi moja moja, kama kanuni inavyotaka. Niliweka kidole kwenye herufi ya kwanza, R. Nikavuta pumzi, nikasema, polepole, Ramesh.